Onyo Lililoachwa Ndani ya Boksi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Msimu wa harusi umetufikia, na pamoja nao limetufikia swali ambalo tumeulizwa na zaidi ya nyumba moja. Bi harusi amechorwa piko mikononi na miguuni. Siku ya tatu ameanza kuwashwa, na ya nne yametoka malengelenge yaliyofuata maua yale yale aliyochorwa, jani kwa jani. Mama yake amemwendea mpambaji. Mpambaji amesema kwamba hakumlazimisha mtu, na kwamba unga alioutumia huuzwa dukani mchana kweupe. Mwenye duka naye amesema kwamba kila kitu kimeandikwa kwenye boksi, na asiyesoma ajilaumu mwenyewe. Hapo ndipo mama anapouliza: dhamana ni ya nani?

Jibu tutalitoa, inshaallah. Lakini jibu hilo linapita ndani ya boksi, na kwa hivyo hatuna budi kwanza tujue maandishi yale yaliandikwa na nani, kwa sababu gani, na yakimsemesha nani. Wengi wetu huyaona maonyo ya kwenye vifurushi kama mapambo ya herufi ndogo. Kumbe kila mstari una historia, na aghalabu historia hiyo imeanzia kwa mtu aliyeumia na ikaishia mbele ya hakimu au bunge.

Piko nyingi zinazochorwa hapa kwetu ni unga wa rangi nyeusi ya nywele uliokorogwa. Ndani yake mna kiungo ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi PPD. Hicho ndicho kinachoipa rangi weusi wa haraka ambao hina ya majani haiwezi kuutoa. Ukisoma karatasi ya maelezo ya rangi za nywele zilizotengenezwa kwa kufuata sheria, utakuta mambo haya: rangi ni ya nywele, mtumiaji ajijaribu kwa tone dogo kwenye ngozi saa 48 kabla, avae glavu, asipake kwenye nyusi wala kope, na aioshe baada ya dakika zilizotajwa. Sasa tazama piko ifanywavyo. Hupakwa kwenye ngozi yenyewe, huachwa ikauke, haijaribiwi, na mpaji huwa mikono mitupu. Karibu kila sharti la boksi limepinduliwa.

Na sharti hizo hazikuandikwa kwa kubahatisha. Mnamo miaka ya 1930, huko Marekani, iliuzwa rangi ya kupaka kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na PPD hiyo hiyo. Wanawake waliopaka macho yao walivimba, wengine walipofuka, na akafariki walau mmoja. Serikali ilikuwa haina mkono wa kuizuia, kwa kuwa sheria yao ya vyakula na dawa ya mwaka 1906 haikugusa vipodozi. Mwaka 1938 bunge lao likapitisha sheria mpya iliyowapa maofisa uwezo wa kuviondoa sokoni vipodozi vyenye madhara.

Lakini sheria hiyo hiyo iliacha mlango kwa rangi za nywele zinazotokana na lami ya makaa ya mawe, ambazo PPD ni miongoni mwao. Ilisema, kwa maana yake, kwamba rangi hizo hazitahesabiwa kuwa zimekiuka kifungu hicho kwa kuwasha ngozi, maadamu kifurushi kimebeba onyo: kwamba zinaweza kuwadhuru baadhi ya watu, kwamba jaribio lifanywe kwanza, na kwamba zisipakwe kwenye nyusi na kope kwani huenda zikapofusha. Rangi za kope na nyusi zenyewe hazikupewa mlango huo.

Tuzingatie hapa, ndugu zetu, maana ndipo penye fumbo lote. Onyo lile lilikuwa ndiyo bei ya ruhusa. Mwenye kiwanda aliyelichapa alipata kinga, na asiyelichapa akawa wazi kwa sheria. Kwa hivyo tangu siku ile mstari ule una nyuso mbili. Uso mmoja unamtazama mwanamke mwenye bakuli la rangi mkononi, ukimwambia jihadhari. Uso wa pili unamtazama hakimu, ukimwambia: sisi tulisema.

Huko Uingereza nako, mwaka 1932, baraza lao la juu la mabwana lilitoa hukumu mashuhuri katika kesi ya Donoghue na Stevenson, ya mwanamke wa Uskochi aliyedai kuwa alikuta mabaki ya konokono ndani ya chupa ya kinywaji. Tangu hapo ikathibiti kwamba mwenye kiwanda ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho, hata kama hawakuuziana wala hawajuani. Hukumu hiyo mahakama zetu za Kenya nazo huitegemea. Ni hukumu yenye kheri kubwa kwa mnyonge. Lakini baada yake kila mwenye kiwanda alijua kwamba anaweza kushtakiwa na mtu asiyemjua, na mawakili wakazidi kupata neno katika kuandika kibandiko.

Mkono wa wakili una tabia yake. Wakili huogopa jambo ambalo halikutajwa. Basi hutaja kila kitu: kubwa na dogo, la kweli la kila siku na la mara moja katika maisha. Karatasi ya dawa ikikunjuliwa huwa ndefu kama kilemba, na onyo la kuua likakaa safu moja na onyo la kichefuchefu. Msomaji huchoka kabla hajafika kwenye lile lililomhusu. Mwandishi amepata kinga yake, na mama amebaki na karatasi.

Dini yetu imeligusa jambo hili kabla ya viwanda. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alipita kwenye fungu la nafaka sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenyewe ni nini. Yule bwana akasema kwamba mvua ilikuwa imeipata. Mtume (s.a.w.) akamuuliza ni kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi.

Hadithi hii tumezoea kuisoma katika mlango wa udanganyifu wa biashara, na ni kweli ndipo pake. Lakini tutazame dawa aliyoagiziwa yule muuzaji. Alipoulizwa hakuificha ila, aliitaja. Wala hakuagizwa aandike kwamba hana dhamana. Aliulizwa kuhusu mahali: kwa nini iliyolowa haikuwa juu? Hapo tunapata kipimo cha kibandiko chochote duniani. Tunauliza kama onyo limewekwa pale jicho la mnunuzi linapoangukia kwanza, au limefukiwa chini ya fungu. Onyo lililoandikwa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, nyuma ya boksi, chini ya bei, ni nafaka iliyolowa iliyofunikwa kwa kavu, hata kama mwanasheria ataridhika nalo.

Wanavyuoni wetu wakatofautisha mambo mawili ambayo lebo za leo huyachanganya. La kwanza ni bayana, nalo ni kumweleza mnunuzi ila uijuayo, kwa jina lake, mpaka aielewe. La pili ni kujivua, yaani kusema nakuuzia na sina dhamana ya ila yoyote. Katika Muwatta ya Imamu Malik imo habari ya Abdallah bin Umar (r.a.), katika zama ambazo utumwa ulikuwapo. Alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kujivua dhamana ya ila. Kisha mnunuzi akadai kuwa yule mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa. Wakashtakiana kwa Khalifa Uthman (r.a.). Uthman akahukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa alipomuuza hakuwa akijua maradhi yoyote. Ibn Umar hakutaka kuapa, akamrudisha; yule mtumwa akapona, na baadaye Ibn Umar akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Imamu Shafi, ambaye wengi wetu pwani hii twafuata madhehebu yake, aliitegemea hukumu hiyo ya Uthman. Wale waliosoma Minhaj ya Imamu Nawawi wanakumbuka hitimisho lake: muuzaji akijivua kwa jumla, kauli yenye nguvu ni kwamba haponi ila kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Ila aliyoijua akanyamaza, kujivua hakumfai kitu. Kwa lugha ya leo tungesema hivi: maneno "kampuni haitawajibika" hayamfuti mtu anayejua. Linaloulizwa ni: ulijua nini, na ulisema nini?

Sasa tuingie katika lugha, kwani bayana isiyoeleweka haijawa bayana.

Huko California, Marekani, mwaka 1986, mama mmoja alimpa mwanawe ambaye hajatimiza miezi minne aspirini ya watoto kwa ajili ya mafua. Pakiti ilikuwa na onyo kuhusu maradhi yanayoitwa Reye, yanayoweza kuwapata watoto wanaopewa aspirini wakiwa na homa ya virusi, na yenye kudhuru ubongo na ini. Onyo lilikuwa kwa Kiingereza. Yule mama alijua kusoma Kihispania tu. Mtoto akapatwa na maradhi hayo. Akaishi, lakini akapofuka, akapooza, na ubongo wake ukaharibika. Familia ikashtaki, ikieleza kwamba kampuni ilikuwa ikiitangaza dawa hiyo kwa Kihispania katika vyombo vya habari, na ikijua kwamba wasomaji wa Kihispania ni wateja wake. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba kampuni haina lawama ya kisheria. Sheria ilitaka onyo la Kiingereza, na Kiingereza kimewekwa. Kutaka lugha zaidi ni kazi ya watunga sheria.

Sisi hatumlaumu hakimu anayehukumu kwa sheria aliyopewa. Lakini tutafakari: tangazo la kumwita mama lilijua lugha yake, na onyo la kumwokoa mwanawe halikuijua. Kampuni ilipotaka kuuza ilisema na mama. Ilipoonya ilisema na sheria.

Nasi je? Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 46 kimempa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike na bidhaa, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia akipata hasara kwa kasoro ya bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 imekuja kuyatilia nguvu hayo. Na tunajua kwamba inawezekana: Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imelazimisha onyo la pakiti ya sigara liandikwe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia. Basi mvutaji anaonywa kwa lugha yake, lakini mama anayesimama usiku na chupa ya dawa ya mtoto mkononi, aghalabu huandikiwa Kiingereza peke yake. Hili ni jambo ambalo wawakilishi wetu wanapaswa kuulizwa, na lina uzito kuliko mengi wanayoulizwa.

Turudi kwenye piko, na kwenye lile jambo ambalo hata sheria nzuri haiwezi kulifikia. Sheria humfuata mwenye kiwanda mpaka kwenye boksi. Huko Ulaya imefika mbali: kiwango cha PPD katika rangi ya nywele iliyokwisha korogwa hakiruhusiwi kuzidi asilimia 2, kuichora kwenye ngozi kumekatazwa, na boksi hutakiwa kueleza kwamba rangi si ya walio chini ya miaka 16, na kwamba michoro ya muda ya hina nyeusi huzidisha hatari ya mzio. Yaani boksi linalouzwa Paris linamwonya mnunuzi juu ya kitu ambacho sisi tunakiita piko. Lakini hapa kwetu unga hutolewa kwenye boksi, ukapimwa kwa kijiko, ukafungwa kwenye kipande cha karatasi au mfuko wa nailoni, ukauzwa kidogo kidogo. Boksi likatupwa. Onyo lote lililogharimu macho ya watu likaenda jaani pamoja nalo.

Onyo likitupwa, wajibu hautupwi. Humhamia yule aliyefungua boksi. Kuanzia hapo ulimi wake ndio lebo.

Na wala hauishii kwa muuzaji. Imepokewa kutoka kwa Wathila bin Al-Asqa (r.a.) kwamba mtu mmoja alinunua ngamia sokoni, na Wathila, ambaye hakuwa muuzaji, akamfuata mnunuzi akamweleza kwamba kwato za yule ngamia zina ila. Muuzaji akalalamika kwamba amemharibia biashara. Wathila akasema kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa si halali kwa muuzaji kuuza bila ya kubainisha, na si halali kwa mwenye kujua kunyamaza. Basi binti aliyesoma, ambaye anakijua Kiingereza, akaketi chumbani shangazi yake akichorwa na boksi liko mbele yake, naye ana fungu lake katika amana hii.

Sasa jibu la swali.

Mwenye duka aliyeuza boksi zima, na maandishi yake yangalipo, amefikisha sehemu ya bayana. Akijua kwamba unga ule unakwenda kuchorwa mwilini, na anajua madhara yake, basi kunyamaza kwake hakumsalimishi mbele ya Mwenyezi Mungu. Akiwa ameufungua na kuupima kwenye vikaratasi, yeye ndiye aliyeuondoa ule unyevu juu ya fungu akaufukia chini.

Mpambaji ndiye aliyetenda kwa mkono wake. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud na nyinginezo kwamba mwenye kujitia utabibu bila ya kujulikana kuwa na ujuzi wake huwa mdhamini wa madhara. Wanavyuoni wamekisia kwa hadithi hiyo kila fundi anayegusa mwili wa mtu. Anayeishika kazi hana budi kuijua, na kusema "sikusoma" si kinga kwa mtu aliyechukua ujira. Ikiwa alijua na akaficha, amekusanya dhamana na dhambi. Ikiwa hakujua, dhambi inapungua kwa kiasi cha udhuru wake, lakini gharama za matibabu ni haki ya aliyeumia.

Bi harusi mwenye akili timamu, aliyeelezwa wazi kisha akashikilia piko, amebeba sehemu yake. Lakini mwili ni amana, si mali tunayoweza kuridhia iharibiwe. Na mtoto mdogo anayechorwa siku ya Idi hana ridhaa ya kutoa. Hapo mama yake ndiye mwenye kuulizwa.

Anayetaka kudai haki yake na ajue kwamba Mahakama ya Kadhi kikatiba imepewa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Madai kama haya huenda kwenye mahakama za kawaida, na yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Lakini kabla ya hapo kuna sulhu, na sulhu ni kheri. Mpambaji akikubali kosa, akagharamia daktari, na mama akasamehe kilichobaki, nyumba mbili zimesalimika.

Baada ya hukumu, nasaha. Tunajua kwamba wapambaji wengi ni dada zetu wanaolea mayatima au kusaidia waume kwa kazi hiyo. Hatukuandika kuwakata mkono katika riziki yao. Hina ya majani ipo, na ndiyo kazi ya bibi zetu. Rangi yake huanza na wekundu wa chungwa, kisha hukolea kwa siku moja au mbili, kwa hivyo bi harusi achorwe mapema kidogo badala ya jioni ya mwisho. Hina inayotoa weusi tititi kwa nusu saa si hina peke yake, hata ikiitwa hivyo. Na kwa kuwa bayana ni ya kila kitu, hina safi nayo ina tahadhari yake: mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD, ambao hupatikana pwani yetu, anaweza kuharibikiwa damu akipakwa hina mwilini. Watoto wachanga tusiwapake.

Kwa anayepambwa, ulizeni kwa adabu kabla ya kunyoosha mkono: "Dada, unga huu umetoka katika boksi gani? Naomba nilione." Mpambaji mwaminifu hatachukia. Asiyekuwa na boksi, tumshukuru na tuombe hina.

Aliyekwisha kuchorwa akaanza kuwashwa asingoje fungate liishe. Aoshe, aende hospitali, na achukue boksi au kipande cha unga akamwonyeshe daktari. Uso ukivimba au pumzi ikibana, hilo ni la dharura saa ile ile. Na akipona ajue kwamba mwili wake huenda umeshika uadui na PPD maisha yote. Mwaka wa kumi baadaye, akitaka kuficha mvi, rangi ya nywele inaweza kumvimbisha uso. Baadhi ya dawa za ganzi za kupaka nazo zinaweza kumletea taabu. Amwambie daktari na msusi wake kila aendako.

Kwa kila nyumba, tujifunze kusoma kibandiko kwa kutafuta mambo matano, na yale mengine ya mawakili tuyaache mahali pake: kitu hiki ni cha umri gani, ni cha sehemu gani ya mwili, ni kiasi gani na kwa muda gani, kisichanganywe na nini, na dalili gani ikitokea tuache mara moja. Mambo hayo matano yasomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, na yule ajuaye kusoma, mbele ya yule atakayetumia. Ni kazi ya dakika tano, na mtoto wa darasa la saba anaiweza. Mfamasia naye aulizwe bila ya haya. Kueleza ni katika kazi yake.

Na dada zetu wanaouza majumbani, iwe ni mafuta ya nywele, sabuni, dawa za mitishamba au achari, waandike kwa Kiswahili kilichomo, tarehe, na ambaye hakimfai. Waandike juu, si chini. Waandike kwa kumwogopa Mola kabla ya kumwogopa hakimu, kwani anayeandika kwa hofu ya hakimu husimama pale sheria inaposimama, na anayeandika kwa hofu ya Mola humfuata mnunuzi mpaka aelewe. Imepokewa kutoka kwa Hakim bin Hizam (r.a.) kwamba wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, wakificha na wakasema uongo, baraka ya biashara yao hufutwa.

Hatudharau maneno ya kwenye boksi kwa kuwa yaliandikwa na mwoga wa mahakama. Mwoga naye husema kweli, na tahadhari kabla ya hatari. Tunachokitaka ni kuyatoa ndani ya boksi, tuyatie katika lugha yetu, na tuyafikishe kwenye sikio la mwenye mkono ulionyooshwa.

Ewe Mola wetu, wajaalie mabinti zetu furaha isiyofuatwa na maumivu, wape wauzaji wetu ulimi wa kweli na riziki ya halali, na utuepushe na kunyamaza pale palipotupasa kusema. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.